Msiba wa Majaribio

Nilikufa asubuhi, katikati ya uji, nikiwa na afya njema kabisa.

Kasha la mitihani lililokuwa ukutani lilifunguka lenyewe, kama lilivyofunguka kila mara Kituo kilipotaka kutusumbua, likatema kadi ya manjano. Kapteni Nasimiyu aliisoma kimyakimya, akanitazama, kisha akaisoma kwa sauti. Mihayo Kapela, mtaalamu wa mimea, amefariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Kikosi kiamue kwa kauli moja mwili wake ufanyweje, kabla jua la kesho halijazama. Marehemu hatazungumza wala kuinuka mbele ya wenzake mpaka uamuzi utolewe. Akizungumza au akiinuka, ameondolewa katika safari, na hakuna rufaa.

Nilikuwa bado na kijiko mdomoni. Daktari Byabato, ambaye hakuwahi kuniharakishia dawa hata nilipougua jino wiki nzima, alinifikia kwa hatua mbili, akanishika kifundo cha mkono, akatangaza kwamba ni kweli nimekufa. Kisha akauondoa uji wangu mezani. Baadaye nilimsikia akiunywa.

Walinibeba kwenda stoo ya mbegu, Daktari kichwani na Sikudhani miguuni, na tulipopita dirishani nikaiona Mirihi yetu kwa jicho moja, maana lile la upande wa Kapteni nilikuwa nimelifumba. Nje ya nyumba yetu ndogo kulikuwa na uwanja wa vumbi jekundu, mawe yaliyosagwa na kupepetwa, na juu yake kuba la chuma ambalo sisi wenyewe tulilipa jina la Chungu. Pampu zilikuwa zimefyonza hewa yote iliyokuwamo, halafu ikarudishwa kidogo sana, ya kaboni, isiyomfaa mtu. Baridi ya huko nje ingemgandisha ng'ombe akiwa amesimama. Jua lilikuwa taa, dhaifu kuliko jua la watu, na siku yake ilizidi ya Manyoni, mahali Chungu chenyewe kilipojengwa, kwa dakika kama arobaini, kwa hiyo tulizidi kuachana na dunia siku hadi siku. Kuna wakati tulikuwa tunakula chakula cha usiku huku wenzetu nje ya ukuta wakipiga mswaki. Wataalamu walishindwa kuigiza kitu kimoja tu, nacho ni wepesi. Mtu akiwa Mirihi halisi anabaki na kama theluthi ya uzito wake. Mimi ndani ya Chungu nilikuwa na kilo zangu zote, na wabebaji walilalamika njia nzima.

"Babu zako walibeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka Pwani," Sikudhani aliniambia huku akihema, "na wewe umeshindwa kujibeba mpaka stoo."

Kapteni alimwomba aweke heshima mbele ya marehemu. Sikudhani akasema sawa, halafu akaniangusha miguu.

Sikudhani Pazi alikuwa fundi wetu wa mitambo, Mzaramo wa Kisarawe, na mimi ni Mnyamwezi wa Urambo. Watu wake na watu wangu ni watani tangu enzi za misafara, na mtani haombi ruhusa. Kwa miezi yote tuliyofungiwa humo alikuwa akila sehemu yangu ya nyama na kuvaa soksi zangu, nami nikimtangazia kila mtu kwamba Mzaramo akisikia ngoma huacha mgonjwa kitandani. Hatukuwahi kukasirikiana, maana kwa watani kukasirika ni aibu. Kapteni, mtu wa Bungoma, mwadilifu kiasi kwamba hata chumvi aliipima, hakuyajua hayo. Alikwisha kutupatanisha mara mbili, na mara zote mbili tulipatana ili asijisikie vibaya.

Sasa jambo lenyewe lililokuwa linatunyima usingizi sote ni hili: tulikuwa wanne ndani ya Chungu, na viti vya safari ya kweli vilikuwa vitatu. Mmoja wetu angerudi nyumbani kusimulia. Nilikuwa nimetumia miaka yangu yote ya kazi kuzalisha kiazi kitamu kinachostahimili udongo wa namna ile, wenye chumvi zinazochoma mizizi, na nilikitaka kiti kile kwa tamaa ambayo sioni haja ya kuipamba. Nilitaka niwepo kiazi changu kitakapotoa jani katika ardhi ambayo haijawahi kuona jani. Kwa hiyo nilijinyosha juu ya magunia ya mbegu, nikaikunja mikono kifuani, nikaazimia kuwa marehemu mwenye nidhamu kuliko wote waliowahi kufa.

*

Mlango wa stoo uliachwa wazi ili kamera ya Kituo inione, na meza ya chakula ilikuwa palepale mbele ya mlango. Hivyo nikakisikiliza kikao cha mazishi yangu chote, tangu dua mpaka mengineyo.

Kapteni alieleza kwamba njia ni mbili tu. Kuniacha nje kwenye vumbi hakuruhusiwi, kwa sababu mwili una vijidudu, na sheria ilikataza kuichafua sayari ya watu wengine hata kama watu wenyewe hawajaonekana. Njia ya kwanza ni kunihifadhi katika jokofu la stoo mpaka safari ya kurudi, baada ya miaka miwili. Lakini jokofu lilikuwa moja na nafasi yake ni moja: ama nilale mimi, ama zilale mbegu za viazi. Njia ya pili ni mashine ya mboji, lile pipa kubwa la chuma lililokuwa likipokea maganda, mabaki, na vitu vingine visivyotajwa mezani, likavirudisha vikiwa udongo mweusi na maji safi.

Daktari alipiga hesabu. Alitaja maji yatakayopatikana kutoka kwangu, chokaa ya mifupa, fosfori, akafika mpaka idadi ya magunia ya viazi ambayo ningeweza kuyazaa nikiwekwa vizuri. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Ningekuwa hai ningeiunga mkono, kwa mwili wa mtu mwingine.

"Na viazi hivyo atakula nani?" Kapteni aliuliza.

Sote tulijua kwamba chochote kitakachoamuliwa pale kingeandikwa kuwa kanuni ya chombo cha kweli, na kule asingekuwapo mtu wa kukasirika baadaye na kusema ulikuwa mchezo. Kapteni alisema hawezi kuwaamuru watu wamle mwenzao, hata kwa kupitia kwenye kiazi. Daktari akasema basi wafe njaa kwa heshima, wote, mmoja baada ya mwingine, na jokofu ni moja. Hapo kikao kikakwama.

Kanuni ilitaka ndugu wa marehemu waulizwe, kwa hiyo Kapteni aliandika swali, akalituma. Mama yangu alikuwa ameletwa kutoka Urambo kwa kazi hiyo. Alikuwa amekaa Kituoni, nyuma tu ya ukuta wa Chungu, mahali ambapo ningepiga kelele angenisikia. Lakini Mirihi iko mbali, na Kituo kilikuwa kimedhamiria kuigiza hata umbali. Kila neno lililotoka au kuingia, na kila picha ya kamera, ilishikiliwa kwenye mitambo kwa robo saa nzima kabla ya kuachiwa. Ukiuliza, unangoja nusu saa. Kapteni alikuwa ameweka saa ya kengele mezani kwa ajili hiyo, na alikuwa akiikodolea macho kama mpishi anayesubiri maharage.

Jibu la Mama lilipofika lilikuwa fupi. Alisema ameelezwa kwamba ni mazoezi, naye ameelewa, lakini hatasema mwanawe amekufa, si kwa mchezo wala kwa mshahara. Kisha akauliza mtani wangu yuko wapi, na kwa nini hasikii vurugu yoyote.

Kapteni aliirudia sauti ile mara tatu. Hakuelewa vurugu gani ilitarajiwa. Daktari alielewa, nilimwona kwa kope, lakini alijifanya anatafuta kalamu.

Aliyeelewa zaidi alikuwa Sikudhani. Aliinuka mezani, akaenda chumbani kwangu.

*

Alirudi akiwa mimi.

Alivaa aproni yangu ya bustani, kofia yangu, na soksi zangu ambazo kwa kweli alikuwa nazo tangu zamani. Mikono nyuma, kiuno mbele, akaanza kutembea kati ya matuta ya viazi vyetu akiinama kwenye kila jani na kulinusa. Alikohoa kikohozi changu, kile cha kutangulia mazungumzo. Aliviita viazi "wanangu", akakigombeza kimoja kwa uvivu, akakisifu cha pili, akakipapasa cha tatu shavuni. Kisha akaja mezani, akainua kidole.

"Kapteni, nina hoja ndogo," alisema kwa sauti yangu, na akatoa hoja ya udongo iliyochukua muda mrefu sana na haikufika popote.

Sikuwa najua kwamba nasema hivyo. Nilidhani mimi ni mtu wa maneno machache. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, na nyuma ya aibu kikaja kicheko, na hakuna adhabu kubwa duniani, wala Mirihi, kama kuzuia kicheko ukiwa maiti mbele ya kamera. Nilijiuma ulimi. Nilifikiria kodi ya kichwa. Daktari yeye alicheka waziwazi, akakumbuka, akageuza kicheko kuwa chafya.

Hakuishia hapo. Aliingiza mkono ndani ya buti langu la akiba akatoa mfuko wa michembe, viazi vikavu vya kwetu, ambavyo Mama alinifungia na ambavyo niliapa mbele ya kikosi kizima kwamba vimekwisha. Akawagawia wafiwa. Kapteni alishika chake mkononi asijue kama ni ushahidi au ni chakula.

Mwishowe Sikudhani alikwenda kwenye mashine ya mboji, akafungua mlango wake, akajiingiza nusu, miguu ndani na kichwa nje, akajilaza.

"Haingii mtu humu," alisema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Mpaka wafiwa wanilipe."

Kila mtu wa kwetu amewahi kuona jambo hilo. Kaburi limechimbwa, jeneza liko mabegani, na mtani amelala shimoni anadai chake, na waliokuwa wakilia wanaanza kubishana naye, wanachangishana, wanacheka huku machozi hayajakauka. Lakini waliotunga kanuni za Chungu walifikiria kila kitu kinachoweza kumpata mtu Mirihi, tangu tufani ya vumbi mpaka kuoza kwa meno, na mtani hawakumfikiria. Kapteni alimtazama fundi wake bora kabisa akiwa amelala ndani ya pipa la mabaki, amevaa nguo za marehemu, anadai malipo mahali ambapo fedha haina kazi. Nikiri kwamba ukilitazama jambo kutokea Bungoma, lilikuwa na sura mbaya.

Alipiga magoti kando yake, akamwuliza kwa upole kama anajua yuko wapi, na leo ni siku gani. Sikudhani alijibu kwa sauti yangu kwamba ana hoja ndogo kuhusu siku.

"Daktari," Kapteni alisema, "kwenu Tanzania kuna desturi ya namna hii, ama huyu dada anaumwa?"

Daktari Byabato alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisema amewahi kusikia mambo ya karibu na hayo, lakini yeye si Mzaramo, na kwa upande wa kitaalamu hawezi kukataa moja kwa moja uwezekano wa ugonjwa. Lilikuwa jibu safi. Halikuwa na uongo hata mmoja ndani yake, na lilimpa kiti.

Kapteni akaandika taarifa, akaituma.

*

Kituo kilijadiliana usiku kucha, na amri yake ikafika mchana wa siku ya pili. Ilitoka kwa mtaalamu wa akili, bwana aliyeajiriwa kutoka mbali, ambaye nadhani misiba yote aliyohudhuria maishani mwake watu walikaa kwenye viti. Aliona dalili za kuchanganyikiwa kutokana na huzuni. Kama Fundi Pazi hatakuwa ametoka kwenye mashine na kurudia hali ya kawaida kabla ya jua la siku hiyo ya pili kuzama, Kapteni abonyeze kitufe chekundu. Kila mmoja wetu alikuwa na kitufe chake ukutani. Kikibonyezwa, mlango wa dharura hufunguka, jina linafutwa, na hakuna anayerudi.

Kapteni alimsomea Sikudhani amri yote, neno kwa neno, kwa sababu alikuwa mtu wa haki. Pamoja na amri hiyo alituma tena swali kwa Mama, akiuliza safari hii kuhusu mwili tu, na vurugu ile ya watani maana yake ni nini.

Nami nikabaki na magunia yangu na hesabu yangu. Sikuhitaji akili nyingi kuipiga. Wanne tukitoa mmoja, wanabaki watatu, na viti ni vitatu. Kilichotakiwa kwangu ni kuendelea kuwa mfu mpaka taa izimike. Sijawahi kupewa kazi rahisi kama hiyo, na sijawahi kuichukia kazi kiasi kile. Mtu pekee ambaye angeweza kusimama na kusema huyu haumwi, huyu ananizika, alikuwa mimi, na mimi nikisimama nimekwenda. Nilijiambia labda Mama ataeleza. Nilijiambia labda Daktari ataona haya. Nilijiambia kwamba Sikudhani ni mtu mzima, anajua kanuni, na kutoka kwenye pipa ni suala la kuinua miguu.

Alitoka, kwa kweli, mara moja. Kapteni alikuwa bafuni na Daktari amesinzia. Alikuja akaketi kwenye ukingo wa gunia langu, ile kofia yangu ikiwa imemwangukia machoni, akazungumza kwa sauti ya chini, ya kwake mwenyewe.

"Mtani, wanataka kunitoa," alisema. "Nimeambiwa niache. Sasa nikuache katikati? Nani amewahi kuzikwa nusu?"

Nilifumba macho nikafumba na moyo.

"Na kule juu, siku ukifa kweli, nani atakuigiza? Byabato?" Alinipiga kikofi cha tumbo, kidogo. "Huyo atakupigia hesabu ya mbolea tu. Bora leo nikumalizie kabisa, ukienda uende umekwisha kuzikwa kama mtu."

Akarudi kwenye pipa lake. Kwa hiyo alikuwa amekwisha kuamua kwamba mimi nitakwenda na yeye atabaki, na alikuwa analifanya jambo hilo akiwa na kofia yangu kichwani. Nililala pale nikajiona mdogo sana. Kiazi changu, jani langu, ardhi isiyowahi kuona jani: nilivipanga vyote mbele ya macho yangu yaliyofumbwa, kimoja kimoja, na bado nikavitaka. Naomba nieleweke hapo. Havikupungua utamu hata kidogo.

*

Taa ya jua ilianza kufifia. Huko Manyoni ilikuwa karibu saa sita mchana, watu wanapika ugali, lakini ndani ya Chungu vumbi liligeuka rangi ya kutu na kivuli cha nyumba yetu kikarefuka mpaka ukutani. Kapteni alisimama mbele ya ubao wa vitufe. Alimwita Sikudhani kwa jina lake kamili, akamwomba kwa mara ya mwisho ainuke.

"Kapteni," ikajibu sauti yangu kutoka ndani ya pipa, "nina hoja ndogo."

Macho ya Kapteni yalikuwa yamelowa. Alimpenda Sikudhani, sote tulimpenda. Aliinua kifuniko cha kitufe. Nilimtazama Daktari, alikuwa anachunguza kucha zake. Niliitazama saa ya mezani. Jibu la Mama lilikuwa bado njiani. Kidole cha Kapteni kilishuka.

"Usibonyeze," nilisema.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, kwa miguu iliyokufa ganzi, na vumbi la magunia mgongoni. Kapteni aliruka. Kisha malezi yake yakamrudia.

"Marehemu," alisema, "tafadhali rudi ulale."

"Nitarudi. Lakini huyo haumwi. Huyo ni mtani wangu." Sauti yangu ilikuwa imekauka kwa siku mbili za kufa. "Kwetu mtu akifa, ndugu wanalia na mtani anacheza. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anazuia kaburi mpaka alipwe. Anawakumbusha waliobaki kwamba wao bado wako hai. Mngemwita mgonjwa kama angekaa kimya. Ninyi mmeileta sayari nzima hapa Manyoni, na baridi yake na vumbi lake, mkasahau kumwekea mtani nafasi."

Kapteni aliondoa kidole. Akaniuliza kama najua nimefanya nini. Nikamwambia najua.

"Anasema kweli," Daktari alisema. "Ni desturi inayojulikana sana." Viti vilikuwa vimebaki vitatu na watu watatu, na sasa lilikuwa jambo rahisi kulisema.

Kabla mtu hajamjibu, saa ya mezani ililia, na sauti ya Mama ikaingia ndani ya Mirihi, tulivu, ya mtu aliyekaa vizuri na kupewa chai.

"Kapteni, mwanangu," Mama alisema, "shikamoo nakudai, utanipa tukionana. Umeuliza habari za mwili. Baba yake Mihayo tumemzika nyuma ya nyumba, na muhogo wa upande ule ndio unaozidi yote. Tunaula, na hatujawahi kunong'ona. Siku yake ikifika, siyo leo, mtieni kwenye udongo wenu, mle, mshibe. Lakini mtani wake aridhike kwanza. Hapa nimemweleza Profesa, huyu mkuu wa Kituo, nimemweleza na huyo bwana wa akili, wamenielewa, wameifuta amri yao. Yule binti wa Pwani asiguswe. Malipo yake nitampa mimi, jogoo na doti ya khanga."

Nikadhani amemaliza. Kapteni alikuwa anakitazama kitufe alichonusurika kukibonyeza na amekishika kifuniko chake kwa mikono yote miwili.

"Na wewe Mihayo," sauti ilisema. "Nakujua. Hapo ulipo unataka kuinuka umsemee mwenzio. Usiinuke, mwanangu. Lala hivyohivyo. Nimekwisha kukusemea."

Wote watatu walinitazama, nimesimama katikati ya chumba bila viatu.

Picha yangu nikiwa nimesimama ilikuwa imekwisha kuingia kwenye mitambo na hakuna ambaye angeweza kuirudisha. Ingekaa humo robo saa yake, halafu ingetokea kwenye kioo mbele ya Profesa na mbele ya Mama, na kiti changu kingekwisha pale. Kapteni alisema ataandika kwamba nilifanya sawa. Alijua, nami nilijua, kwamba kadi haikuuliza hilo.

Nikageuka, nikarudi stoo, nikajilaza juu ya magunia, nikakunja mikono. Kapteni alinifuata akaniambia kwa upole kwamba zoezi limekwisha, sina haja tena ya kulala. Nikamwambia Mama ananitazama. Ataniona nikiinuka, hilo siwezi kulizuia, lakini akitulia kidogo ataona pia kwamba niliposikia sauti yake nilitii. Na kwa sasa, huko nje, bado nimelala vizuri. Kwa robo saa hii bado ni marehemu mwenye kiti.

Sikudhani alitoka kwenye pipa. Nilimsikia akija, kwa hatua zake mwenyewe, siyo zangu. Nilingoja matusi yake, maana nilikuwa nimemwandalia mtani nafasi ambayo haipatikani mara mbili: mtu aliyeshindwa hata kufa. Alivua kofia yangu akaiweka kifuani pangu.

Kulia msibani siyo kazi ya mtani. Ziko kazi za ndugu na ziko za mtani, na hazichanganywi. Lakini aliketi kichwani pangu, akanifunika kwa aproni, akalia kwa sauti, mbele ya Kapteni na mbele ya kamera, na safari hii hakuwa anamwigiza mtu yeyote.